Jinzi ya Kale Iliyoshonwa Jana

Wapenzi wasikilizaji, pamoja nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya gazetini, wiki hii naomba mniwie radhi, maana nataka tuzungumze habari za suruali. Najua wapo watakaosema kwamba mzee huyu ameishiwa: kila wiki alikuwa akitusimulia habari za vita, mikataba na wafalme, leo ametufikisha kwenye suruali. Lakini nguo nayo ni kitabu cha historia, tena ni kitabu ambacho hata asiyejua kusoma hukivaa.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mpwa wangu, aliyekaa miaka minne Osaka, Japani, akisoma, alirudi nyumbani na suruali mbili za jinzi. Zote mbili zilikuwa za buluu iliyokolea karibu na weusi, hazijapata kufuliwa hata mara moja, na zilikuwa ngumu kama turubai. Moja aliiweka sakafuni, nayo ikasimama yenyewe bila mtu ndani. Mama watoto akauliza bei. Kijana akasitasita, kisha akasema kwamba kila moja ilimgharimu zaidi ya dola 200 za Marekani. Mama watoto akainuka akaenda zake jikoni bila kusema neno.

Mimi nikabaki. Nikamwambia, "Haya baba, nieleze. Mbona umenunua mbili za aina moja?"

Akacheka. "Si za aina moja, mjomba. Hii ya kwanza ni nakala ya suruali ya Kimarekani ya mwaka 1947. Hii ya pili si nakala ya kitu chochote. Hii ni ya Kijapani."

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Zote mbili zilishonwa Japani, kwa kitambaa cha Japani, na mafundi wa Japani. Iweje moja iwe ya Kimarekani na nyingine ya Kijapani? Nikaanza kuchimba, na leo nawaletea nilichokipata.

Tuanze na asili. Katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, palikuwa na fundi cherehani jina lake Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, mji ambao leo uko Latvia. Wateja wake walikuwa watu wa kazi za sulubu, na mifuko ya suruali zao ilikuwa ikichanika kila mara. Davis akapata wazo la kupigilia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko. Suruali zikagombewa. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha kulinda ugunduzi wake, alimwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, mzaliwa wa Ujerumani, wagawane gharama na faida. Tarehe 20 Mei 1873 serikali ya Marekani ikawapa hataza namba 139,121. Ndiyo kusema jinzi ilizaliwa na wahamiaji wawili, kwa ajili ya watu waliochafuka.

Sasa kitambaa. Wale mnaojua ufumaji mnajua kwamba nguo ina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zinazopita katikati yake. Katika jinzi, mtande hutiwa rangi ya nili na mshindio huachwa mweupe. Nili ina tabia yake: uzi huchovywa, ukatolewa upigwe na hewa, ukachovywa tena, mara nyingi, na hata hivyo rangi haifiki katika moyo wa uzi. Hubaki juu juu. Ndiyo sababu jinzi hupauka pale hasa ambapo mwili hufanya kazi: magotini, mapajani, mfukoni anapoweka mtu kisu au pochi. Suruali humwandika mvaaji wake.

Mitambo ya zamani ilifuma kitambaa chembamba, upana wa sentimita 75 au zaidi kidogo. Uzi wa mshindio ulirushwa kwenda upande mmja na kurudi bila kukatwa, kwa hiyo ukingo wa kitambaa ulijifunga wenyewe, haufumuki. Watengenezaji walitia uzi wa rangi katika ukingo huo. Kwa suruali za Levi's ulikuwa mwekundu. Baadaye ikaja mitambo ya kasi inayofuma upana wa kiasi cha mita moja na nusu na kuukata uzi kila upande. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Levi's ilikuwa imeachana na kitambaa chembamba katika suruali zake za kawaida. Ilikuwa ni hesabu ya faida tu, na hakuna aliyelia.

Aliyelia, wasikilizaji, alikuwa Mjapani.

Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliingia na kuikalia nchi hiyo hadi 1952. Katika soko la Ameyoko, mtaa wa Ueno, Tokyo, zikaanza kuuzwa nguo zilizotoka kwa askari wa Kimarekani, na humo mlikuwamo suruali za jinzi. Wajapani waliziita jiipan. Naam, mmesikia vizuri: jinzi iliingia Japani kwa mlango wa mitumba, kama ilivyoingia kwa wengi wetu.

Kutoka hapo safari ilikwenda hatua kwa hatua. Mji wa Kojima, katika mkoa wa Okayama, ulikuwa umezoea kushona sare za shule. Mwaka 1965 kiwanda kimoja cha huko kilianza kushona jinzi kwa kitambaa kilichoagizwa kutoka Marekani. Chapa yake ikaja kuitwa Big John. Mwaka 1973 Big John ikatoa suruali iliyokuwa ya Kijapani tupu, kwa kitambaa cha kampuni ya Kurabo. Hali kadhalika, kampuni ya Kaihara ya mkoa wa Hiroshima, iliyokuwa ikitengeneza kasuri tangu 1893, yaani vitambaa vya jadi vya nili vyenye nakshi, ilitengeneza mwaka 1970 mtambo wake wa kuchovya nyuzi kwa ajili ya jinzi. Mikono iliyojua nili ya mababu ndiyo iliyotia rangi suruali ya mgeni.

Hata hivyo, wapenzi wa jinzi wa Kijapani hawakuridhika. Walizilinganisha suruali mpya na zile za miaka ya 1940 na 1950 wakaona kwamba kitu kimepotea. Hapo wakatokea watu wa Osaka. Studio D'Artisan ilianza mwaka 1979, Denime 1988, zikafuata Evisu na Fullcount mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Warehouse mwaka 1995. Watu hawa walinunua suruali kuukuu za Kimarekani kwa bei ya juu, wakazifumua mshono kwa mshono kama daktari anayepasua maiti, wakahesabu nyuzi, wakapima vifungo, wakatafuta hata cherehani za zamani zilizopinda upindo wa mguu kwa namna fulani. Kisha wakaunda upya.

Ndizo hizo zinazoitwa nakala za kale, na suruali ya kwanza ya mpwa wangu ni ya ukoo huo. Humo hata kosa hunakiliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliamuru viwanda vibane matumizi ya vyuma na nyuzi. Levi's ikapunguza ribiti, na yale mapinde mawili kwenye mfuko wa nyuma, badala ya kushonwa, yakapakwa kwa rangi. Leo ziko kampuni za Kijapani zinazotengeneza nakala ya suruali hiyo ya vita, na rangi huipaka vivyo hivyo, ikwanguke vivyo hivyo. Fikirini jambo hilo. Ule ulikuwa ufukara wa vita dhidi ya Japani yenyewe. Wajukuu wa walioshindwa wanaunakili ufukara wa washindi, na wanaunakili kwa heshima.

Iko hadithi inayopendwa sana kuhusu jambo hili. Husemwa kwamba Wamarekani walipoitupa mitambo yao ya zamani, Wajapani waliinunua wakaihamishia kwao, na ndiyo siri ya jinzi yao. Ni hadithi tamu, lakini si ya kweli. Mitambo ya zamani inayofuma jinzi Japani kwa sehemu kubwa ni ya Kijapani, na iliyo maarufu kupita yote ni ya Toyoda. Jina hilo si geni masikioni mwenu. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika. Mwaka 1929 aliuza haki za mtambo huo kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe Kiichiro akaingia katika utafiti wa magari. Mwaka 1937 ikaundwa kampuni ya Toyota. Kwa hiyo daladala unayopanda asubuhi na suruali ya mpwa wangu ni watoto wa baba mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa suruali ya pili.

Suruali ya kwanza, ile nakala, kitambaa chake kina uzito wa wastani na kinapendeza kwa namna ya kujificha. Ukiambiwa ilitoka katika sanduku la babu wa mtu huko California, utasadiki. Ya pili ukiishika mkono wako unashtuka. Vitambaa vya jinzi hupimwa kwa aunsi kwa kila yadi ya mraba. Suruali za kazi za Marekani kati ya vita viwili vya dunia zilikuwa na kiasi cha aunsi 10. Lakini kampuni ya Iron Heart, iliyoanzishwa Japani mwaka 2003 kwa ajili ya wapanda pikipiki, ilijipatia jina kwa kitambaa cha aunsi 21, yaani zaidi ya gramu 700 kwa mita ya mraba. Hakuna mchimba madini wa Nevada aliyepata kuvaa kitu cha namna hiyo. Wengine hufuma kwa makusudi nyuzi zenye mafundo na mawimbi. Zamani mawimbi hayo yalikuwa udhaifu mdogo wa mtambo; wao wameyakuza mpaka yamekuwa pambo. Momotaro, chapa ya Kojima, imechukua jina la shujaa wa hekaya ya Okayama, mtoto aliyezaliwa ndani ya tunda, na mfukoni imechora mistari miwili myeupe badala ya mapinde ya Levi's.

Mapinde hayo nayo yana kesi yake. Mwaka 2007 Levi Strauss ilizishtaki huko Marekani baadhi ya kampuni za Kijapani kwa kuiga mshono wa mfuko na kilebo chake. Zikalazimika kubadilika. Wahenga walituonya kwamba ukimwiga tembo utapasuka msamba. Mjapani alimwiga tembo, msamba haukupasuka, akabaki kuonywa na tembo mwenyewe. Naye akatoka hapo akitembea mwendo wake.

Basi ipi bora? Wanaozipenda nakala husema kwamba zile nyingine zimetia chumvi: uzito usio na sababu, mawimbi yasiyo ya asili. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nakala imehifadhi ujuzi ambao ungekwisha kufa. Kiwanda cha White Oak huko Greensboro, North Carolina, kilichokuwa kikifuma kitambaa cha Levi's kwa miongo mingi, kilifungwa mwisho wa mwaka 2017. Anayetaka leo kujua suruali ile ilivyokuwa mkononi ilipokuwa mpya hana budi kuishika nakala, maana zile za asili zimechakaa. Hilo ni deni ambalo Marekani inadaiwa na Japani.

Lakini nakala nayo ina uwongo wake, na huo ndio niliotaka kuufikia. Mwezi Oktoba 2022, katika jimbo la New Mexico, suruali ya Levi's ya miaka ya 1880, iliyookotwa katika mgodi ulioachwa, iliuzwa mnadani kwa dola 76,000 kabla ya ada. Ndani ya mfuko wake palikuwa na maandishi yaliyojisifu kwamba hiyo ni suruali ya pekee iliyotengenezwa na wafanyakazi weupe. Msistaajabu. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na chuki dhidi yao ilikuwa ikivuma California yote. Kampuni ililiacha tangazo hilo katika miaka ya 1890. Lakini suruali haikusahau.

Mnakili huhesabu ribiti, hupima upana wa mfuko, huutafuta uzi wa rangi ile ile. Je, maandishi yale naye atayanakili? Sidhani, na mimi nisingemtaka ayauze madukani. Lakini basi tukubali kwamba nakala haiturudishii zamani. Huturudishia sehemu ya zamani iliyomfurahisha mnakili. Huleta shaba, haileti Mchina aliyefukuzwa kazini. Huleta kitambaa cha mchimba madini, haileti vumbi lililokuwa kifuani mwake. Suruali ya pili, pamoja na makeke yake yote, haidai kuwa shahidi wa jambo ambalo haikuliona.

Mtasema, haya yote yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, maana katika mambo ya nguo sisi ni watu wa siku nyingi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na sisi tukakiita marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliibana biashara hiyo, na vitambaa vya Bombay vikajaza pengo. Katika miaka ya 1930 ikafika zamu ya viwanda vya Japani, ambavyo vilijaza masoko ya Afrika Mashariki. Mama zetu wakaenda dukani kununua marekani iliyofumwa Japani, na lugha yetu haikuona ajabu. Tena tulikuwa na kaniki, nguo ya nili ya mwanamke wa shamba na wa jikoni. Kitambaa cha buluu cha watu wa kazi hatukuanza kukijua kwa sinema.

Hata pamba imo. Fullcount na Momotaro husifia pamba ya Zimbabwe, inayochumwa kwa mkono na yenye nyuzi ndefu. Suruali inayouzwa Osaka kwa jina la Marekani ya kale imebeba jasho la mchumaji wa Zimbabwe, na jina lake halimo kwenye kilebo chochote.

Nami ninalo la kuungama. Katika miaka ya 1990 nilinunua jinzi katika mitumba ya Karume hapa Dar es Salaam. Ilikuwa pana, na ndani ya miguu ulipita ukingo wenye uzi mwekundu. Nilimpelekea fundi ainyonge miguu kwa mtindo wa siku zile. Akaukata ukingo wote, vipande vikafagiliwa pamoja na takataka. Sisemi ilikuwa lulu. Lakini miaka hiyo hiyo wanunuzi wa Kijapani walikuwa wakizipekua ghala za nguo kuukuu huko Marekani wakichambua suruali za namna hiyo moja moja, na yaliyowaponyoka ndiyo yaliyofungwa marobota. Hayo marobota mnajua yalikofikia. Kitu kile kile, kwa mwaka ule ule, kwa mmoja kilikuwa historia, kwa mwingine kilikuwa suruali pana.

Juzi nilizichukua suruali za kijana nikampelekea fundi wa mtaani kwetu, mzee aliyekaa juu ya cherehani tangu ujana wake. Hakuuliza bei. Aliigeuza ya kwanza, akaikagua mishono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaishika ya pili, akaipima uzito, akacheka peke yake.

"Hii ya kwanza," akasema, "fundi wake alikuwa anamwogopa mwalimu wake. Hii ya pili, fundi wake amekwisha hitimu."

Nikamuuliza, yeye angeivaa ipi?

"Zote ni suruali za kazi," akajibu. "Mwambie kijana azifanyie kazi kwanza."

Mimi sina la kuongeza hapo, ila hili. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, walisema wazee, na kwa miaka mingi nilidhani wanamkataza mtu kuchukua cha mwenzake. Sasa nadhani walikuwa wakituuliza tutaazima mpaka lini. Mjapani aliazima suruali kutoka kwenye mgongo wa askari aliyemshinda. Akaisoma, akainakili mpaka kosa, kisha akakumbuka kwamba nyumbani kwake kulikuwa na nili, na mtambo wa mtoto wa seremala, na hekaya ya bibi yake. Siku hiyo ikaacha kuwa ya kuazima. Sisi tuliokuwa na kaniki, pamba na mafundi, tungali tunachagua katika marobota.

Mpwa wangu anaivaa ile ya pili sasa, anakwenda nayo gereji. Magoti yameanza kupauka. Ile nakala ya 1947 imekunjwa kabatini, na mama watoto ameitilia nondo za dawa.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaaliwa. Kwaherini.